Chuo au Sekondari? Namna ya Kupima Wachezaji wa Drafti ya Besiboli

Kila Julai, timu za besiboli zinapopokezana kuchagua wachezaji wapya kwenye drafti, raundi kwa raundi, maswali ni yale yale. "Mbona timu imemwacha mrushaji wa chuo aliyekwisha kuiva, ikamchukua mtoto wa miaka 17?" "Huyu wa sekondari ana takwimu za ajabu, imekuwaje ameanguka hadi raundi ya tatu?" "Kwani wa chuo si salama zaidi?" Nimekuwa nikiyajibu moja moja kwa muda mrefu. Sasa nayakusanya hapa kwa ajili yako wewe unayetaka kutengeneza orodha yako kabla ya drafti ya Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, na usiku ule ukifika uelewe timu yako inafanya nini.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mchezaji wa chuo anakuuzia habari: umemwona misimu mitatu, unajua anachoweza na anachoshindwa. Wa sekondari anakuuzia muda: ana miaka mingi ya kukua mbele yake, lakini kujua atakua awe nani ni kazi ngumu. Vyote viwili vina bei. Hatua zote zilizo hapa chini zinakusaidia kujua unalipa kiasi gani, na kwa kitu gani.

Andaa hivi kwanza

- Tarehe kamili ya kuzaliwa ya kila mchezaji. Mwaka peke yake hautoshi.
- Video za mechi nzima, angalau mbili kwa kila mmoja. Zile video fupi za kumtangaza mchezaji humwonyesha akipiga tu, hazimwonyeshi akikosa.
- Matokeo ya kiangazi kilichopita. Wa chuo mtafute kwenye Cape Cod League, ligi yao ya kiangazi huko Massachusetts. Wa sekondari mtafute kwenye mashindano ya maonyesho kama Area Code Games na East Coast Pro.
- Bei elekezi ya kila chaguo la timu yako (kiasi ambacho ligi imelipangia), na jumla ya mfuko wake wa bonasi, yaani pesa za kuwasainisha wachezaji, kwa mwaka huo.
- Historia ya majeraha, hasa kiwiko na bega.
- Daftari au lahajedwali yenye mstari mmoja kwa kila mchezaji.

Utakutana pia na alama za wasaka vipaji, zinazoanzia 20 hadi 80. Hamsini ni mchezaji wa wastani wa Ligi Kuu. Kwa kuanzia hiyo inatosha.

Hatua ya 1: Hakikisha anaruhusiwa kuchaguliwa

Drafti inawahusu wakazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico, pamoja na wageni wanaosoma huko. Wa sekondari awe amehitimu na hajaanza chuo. Wa chuo cha miaka minne awe amemaliza mwaka wa tatu, au ametimiza miaka 21. Wa chuo cha miaka miwili anaweza kuchaguliwa wakati wowote, na wengi wanaisahau njia hii. Bryce Harper aliiacha sekondari mapema, akacheza msimu mmoja College of Southern Nevada, na mwaka 2010 akawa chaguo la kwanza akiwa na miaka 17.

Hatua ya 2: Andika umri kwa miezi

Usiandike "miaka 18". Andika miaka 18 na miezi 2, au miaka 18 na miezi 11. Darasa moja la kidato cha mwisho linaweza kuwa na kijana wa miaka 17 na mwingine anayekaribia 19, na katika umri huo miezi hiyo ni kilo za misuli. Mike Trout, nyota wa Ligi Kuu, alikuwa bado na miaka 17 siku ya drafti ya 2009. Eli Willits, chaguo la kwanza la timu ya Washington mwaka 2025, naye alikuwa na miaka 17.

Kwa wa chuo fanya vivyo hivyo. Mpigaji wa miaka 22 anayewaadhibu warushaji wa miaka 19 ni kaka mkubwa anayecheza na wadogo zake. Mpunguzie alama kidogo. Mwenzake mwenye takwimu hizo hizo akiwa na miaka 20 na miezi michache mwongezee.

*Tahadhari:* umri ni uzito kwenye mizani, usiufanye mlango wa kumfungia mtu nje. Bobby Witt Jr. mwaka 2019 alikuwa amebakiza siku chache atimize 19, na wako waliosema ni mkubwa mno kwa mwanafunzi wa sekondari. Kansas City wakamchukua namba 2, na leo hakuna anayeuliza.

Hatua ya 3: Angalia alicheza dhidi ya nani

Hapa ndipo wanaoanza wanapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Siku moja nilikaa nyuma ya wavu kwenye uwanja wa sekondari moja kusini mwa Marekani. Kulikuwa na kijana mmoja aliyewavuta wasaka vipaji sita au saba, wamejipanga na vifaa vyao vya kupimia kasi. Mrushaji wa upande wa pili alikuwa anarusha maili 78 kwa saa, kama kilomita 125. Kwenye Ligi Kuu mpira wa kasi wa kawaida unapita maili 93, karibu kilomita 150. Kijana akaupiga mpira nje ya uzio mara mbili, wazazi wakapiga kelele hadi nikashindwa kusikia. Mzee mmoja msaka vipaji, aliyekaa kando yangu na kijidaftari juu ya goti, hapo hakuandika kitu. Siku nzima aliandika mara mbili tu. Mara ya kwanza ni pale mpira wa kupinda ulipoporomoka kuelekea vumbini, kijana akaanza kuzungusha gongo, akajizuia katikati, akauacha upite. Mara ya pili ni pale alipopiga mpira dhaifu uliobingirika moja kwa moja kwa shotstopu, yule anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu, akakimbia kwenda besi ya kwanza kana kwamba ni fainali. Mzee akabonyeza stopwochi: sekunde 4.18. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, sekunde 4.3 ni wastani wa Ligi Kuu.

Kwa hiyo kwa mchezaji wa sekondari, wastani wake wa kupiga uache. Tafuta haya: anafanya nini mpira wa kupinda unapokuja? Akikutana na mrushaji wa maili 90 na zaidi kwenye mashindano ya kiangazi, akiwa na gongo la mbao, anaufikia mpira au anachelewa? Anakosa kabisa mara ngapi? Kukosa mipira iliyo ndani ya eneo la straiki, yaani ile inayopigika, katika umri huo ni dalili mbaya kuliko kutopiga mbali. Nguvu huja na mwili. Jicho huchelewa, na kwa wengine haliji kabisa.

Uliza pia anatoka wapi. Watoto wa Texas, Florida na California hucheza karibu mwaka mzima. Anayetoka kwenye baridi huonekana mara chache, mvua na theluji zikifuta mechi. Trout alitoka Millville, New Jersey, na hilo ni miongoni mwa sababu zinazotajwa za kushuka hadi chaguo la 25.

Kwa wa chuo una takwimu nyingi, lakini zichuje. Magongo ya chuo ni ya chuma, kwa hiyo mpira uliogusa vibaya unaweza bado kufika mbali. Ndiyo maana Cape Cod, wanakotumia mbao, ina thamani kubwa. Uwanja ulioko juu milimani, kama wa New Mexico, hurefusha safari ya mpira. Ligi ya vyuo ya kusini mashariki, SEC, ina warushaji wazuri kuliko ligi nyingine ndogo za vyuo. Na iko mbinu moja rahisi ambayo ningependa kila mtu aijue: tenga mechi za Ijumaa. Timu za vyuo kwa kawaida humpanga mrushaji wao bora Ijumaa usiku, na mechi za katikati ya wiki huwaachia wale wa akiba. Mpigaji anayeng'aa Jumanne na kuzimika Ijumaa amekwisha kukujibu.

*Kosa la kawaida:* kuweka takwimu za sekondari na za chuo kwenye jedwali moja. Hazilingani hata kidogo. Za sekondari ziweke pembeni kabisa, mahali pake andika maelezo ya ulichokiona kwenye video.

Hatua ya 4: Gawa kwa nafasi anayocheza

Anza na warushaji. Tangu drafti ianze mwaka 1965, hakuna mrushaji wa sekondari wa mkono wa kulia aliyewahi kuwa chaguo la kwanza kabisa. Wa mkono wa kushoto wako watatu: David Clyde 1973, Brien Taylor 1991 na Brady Aiken 2014. Clyde alipandishwa Ligi Kuu moja kwa moja akiwa na miaka 18, na kabla ya kufika 25 safari yake huko ilikuwa imekwisha. Taylor na Aiken hawakufika. Mwaka huo huo wa 2014, chaguo la pili lilikuwa Tyler Kolek, mrushaji wa sekondari kutoka Texas. Naye hakufika.

Sababu ni mkono wenyewe. Kijana wa miaka 18 anayerusha maili 97 anaivuta kano ya kiwiko kwa nguvu ambayo mwili haujazoea, na upasuaji wa kuirekebisha kano hiyo, uitwao Tommy John, humweka nje mwaka mzima au zaidi. Ukimchukua kutoka sekondari, miaka yote ya hatari iko juu yako. Ukimchukua kutoka chuo, sehemu ya hatari ameshaipita akiwa kwa wengine.

Lakini usikimbilie kusema mrushaji wa chuo ni salama. Mwaka 2001 Minnesota walikuwa na chaguo la kwanza. Walimchukua Joe Mauer, mdakaji wa sekondari wa hapo hapo St. Paul, wakamwacha Mark Prior wa chuo cha USC aliyeonekana amekamilika. Prior alifika Ligi Kuu mwaka uliofuata, akashinda mechi 18 mwaka 2003, na majeraha yakamwondoa 2006. Mauer aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa 2024. Mark Appel wa Stanford, chaguo la kwanza la 2013, alisubiri hadi 2022 kuonja Ligi Kuu. Na Clayton Kershaw, mrushaji nyota aliyechaguliwa namba 7 mwaka 2006, alitoka sekondari ya Dallas.

Shotstopu na wachezaji wa katikati ya uwanja wa nje wa sekondari ndio ninaowapa nafasi kubwa. Wakishindwa kubaki pale, wanaweza kuhamishwa: shotstopu huenda besi ya tatu au ya pili, na thamani yake haipotei yote. Anayecheza besi ya kwanza tangu sekondari hana pa kukimbilia. Ni lazima apige tu. Huyo mwache aende chuo, kisha mtazame tena baada ya miaka mitatu.

Hatua ya 5: Hesabu kalenda

Andika mwaka unaotarajia afike. Paul Skenes wa chuo cha LSU alichaguliwa Julai 2023, na Mei 2024 alikuwa anarusha Ligi Kuu kwa Pittsburgh. Jackson Holliday, aliyetoka sekondari 2022, alifika Aprili 2024, na hiyo ni kasi ya ajabu. Wengi wa sekondari huchukua miaka minne au mitano.

Ila usihesabu miaka ya kusubiri tu, hesabu na umri atakaofika nao. Mwaka 2019 Adley Rutschman wa chuo cha Oregon State alikuwa namba 1, na Witt namba 2. Msimu wa 2020 wa ligi ndogo, wanakokuzwa wachezaji kabla ya Ligi Kuu, ulifutwa kwa korona, wote wawili wakafika 2022. Rutschman alikuwa na miaka 24, Witt 21.

Kuna na saa nyingine inayopiga. Aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini, timu ina misimu mitano kabla ya kulazimika kumweka kwenye kikosi cha wachezaji 40 ili asichukuliwe na wengine. Aliyesaini na 19 au zaidi, misimu minne. Kwa mtoto anayeiva polepole, msimu ule mmoja wa ziada ni muhimu sana.

Hatua ya 6: Uliza bei

Drafti ina raundi 20. Kila chaguo la raundi 10 za kwanza lina bei elekezi, na jumla ya bei hizo ndiyo mfuko wa bonasi wa timu. Timu ikizidisha hadi asilimia 5 inatozwa kodi ya asilimia 75 ya kilichozidi. Ikivuka hapo, inapoteza chaguo la raundi ya kwanza la mwaka unaofuata. Mchezaji wa raundi hizo 10 akikataa kusaini, bei yake elekezi inaondoka kwenye mfuko.

Hapa ndipo chuo na sekondari zinapotengana kwelikweli. Mhitimu wa sekondari ana nafasi chuoni inayomsubiri, na siku hizi vyuo vinaweza kumlipa pia, kwa hiyo anaweza kusema hapana. Wa mwaka wa tatu wa chuo anaweza kurudi kwa mwaka mmoja. Wa mwaka wa nne hana pa kurudi, hivyo husaini kwa kiasi kidogo.

Tufanye hesabu ya mfano. Mfuko wako ni dola milioni 10. Chaguo lako la kwanza lina bei elekezi ya milioni 5, umempata mchezaji wa chuo anayekubali milioni 4.2. Umeokoa 800,000. Raundi ya 8, 9 na 10, kila moja ina bei ya 200,000. Unawachukua vijana watatu wa mwaka wa nne kwa 10,000 kila mmoja. Umeokoa 570,000. Jumla ni 1,370,000. Raundi ya tatu, yenye bei ya 700,000, yuko shotstopu wa sekondari anayetaka milioni 2.4. Unahitaji 1,700,000 juu ya bei. Umepungukiwa 330,000, ambazo ni asilimia 3.3 ya mfuko. Unazidisha, unalipa kodi ya 247,500, na hupotezi chaguo lolote. Kijana ni wako.

Houston walifanya hivi mwaka 2012. Carlos Correa, shotstopu wa sekondari kutoka Puerto Rico, alikuwa chaguo la kwanza lenye bei ya dola milioni 7.2, akasaini kwa milioni 4.8. Kilichobaki kikamleta Lance McCullers Jr., mrushaji wa sekondari aliyechaguliwa wa 41, kwa milioni 2.5. Wote wawili walikuwa na Houston ilipotwaa ubingwa wa 2017.

*Tahadhari:* usimpandishe mchezaji kwenye orodha yako bila kuandika bei yake pembeni. Orodha isiyo na bei ni orodha ya ndoto.

Hatua ya 7: Wapange wawili wawili

Chukua mmoja wa chuo na mmoja wa sekondari wanaokaribiana. Uliza: mambo yakienda vibaya, kila mmoja ananipa nini? Yakienda vizuri sana je? Kisha uliza huyu wa sekondari akienda chuo miaka mitatu akafanya vizuri, atakuwa chaguo la ngapi? Ukijibu "kumi bora", leo unampata kwa bei nafuu. Ukijibu "hapo hapo alipo", wa chuo ni bora.

Na usijiwekee sheria ya jumla. Mwaka 2002 Oakland waliegemea vyuo. Walimchukua Nick Swisher namba 16, na namba 17 Philadelphia wakamchukua Cole Hamels kutoka sekondari. Oakland wakamchukua Joe Blanton namba 24, na namba 25 San Francisco wakamchukua Matt Cain, naye wa sekondari. Swisher na Blanton walikuwa wachezaji wazuri, hawakukosea kuwachagua. Lakini Hamels akawa mchezaji bora wa fainali za 2008, na Cain mwaka 2012 akarusha mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kufika besi. Aliyefunga mlango wa sekondari kabla ya kutazama asingeweza kuwaona.

Ukikwama

*Wawili wamelingana kila kitu.* Angalia bei. Zikilingana pia, mchukue mpigaji kabla ya mrushaji, na mdogo kabla ya mkubwa.

*Timu imechagua mtu ambaye kwenye orodha yangu ni wa 40.* Subiri raundi mbili tatu. Mara nyingi wameokoa pesa, na kijana wa sekondari mwenye bei kubwa atatokea baadaye. Baada ya raundi ya 10 pia timu inaweza kumpa mchezaji hadi dola 150,000 bila kugusa mfuko.

*Mrushaji wa chuo ameumia kiwiko mwezi Aprili.* Usimfute. Mshushe, na uandike umri atakaokuwa nao akirudi. Akiwa atarudi na miaka 23 bila kurusha ligi ndogo hata mara moja, ile faida ya kufika mapema imekwisha.

*Kijana amechaguliwa sekondari, akakataa.* Hajaharibu kitu. Gerrit Cole alichaguliwa na timu ya Yankees raundi ya kwanza 2008, akaenda chuo cha UCLA, na 2011 akawa chaguo la kwanza la Pittsburgh.

*Vijana wetu wa Uganda wako wapi kwenye drafti?* Hawapitii huko. Ben Serunkuma na Umar Male, warushaji waliosajiliwa na timu ya Dodgers mwaka 2022, waliingia kwa njia ya wachezaji wa kimataifa, yenye mfuko wake na dirisha lake linalofunguliwa Januari. Kijana wa Kampala ataingia kwenye drafti akipata shule au chuo Marekani au Kanada, kama Travis Bazzana wa Australia, aliyesoma Oregon State na kuwa chaguo la kwanza 2024. Siku akitokea, mpe mstari wake kwenye daftari kama wengine: tarehe ya kuzaliwa, alicheza dhidi ya nani, bei yake.